Sura ya Sita: Maziwa, Kimea na Joto Lisilolipiwa

Yogati ni maziwa yaliyogandishwa kwa asidi ambayo haikutiwa na mpishi bali imetengenezwa na bakteria ndani ya maziwa yenyewe, na kwa sababu hiyo hakuna siri ya kiwandani inayoizuia kutengenezwa katika jiko lolote lenye sufuria na mfuniko. Lita moja ya maziwa hutoa takriban lita moja ya yogati, kwa kuwa hakuna kinachoondolewa isipokuwa maji machache yanayopotea kwa mvuke wakati wa kuchemsha. Hata hivyo, katika miji mingi ya Afrika Mashariki kopo la nusu lita mara nyingi huuzwa kwa bei inayokaribia ile ya lita nzima ya maziwa mabichi. Tofauti hiyo si bei ya maziwa. Ni bei ya kopo na lebo, ya sukari na ladha, ya umeme wa majokofu tangu kiwandani hadi dukani, ya usafiri, na ya faida ya kila mkono ambao kopo limepitia. Anayetengeneza yogati nyumbani hujiondolea gharama hizo zote kwa mkupuo, lakini hubeba mwenyewe gharama moja ambayo kiwanda kimekwisha kuidhibiti, nayo ni hasara ya maziwa yanayoharibika. Familia inayopoteza lita moja katika kila lita nne imepandisha bei ya yogati yake kwa theluthi moja, na hakuna ubanaji wa mkaa wala wa kimea, yaani kianzishi cha ugandaji, unaoweza kuifidia hasara ya ukubwa huo, ndiyo maana sehemu kubwa ya sura hii inahusu namna ya kutoharibu maziwa kabla ya kuhusu namna ya kubana matumizi.

Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takriban asilimia 87, na katika sehemu inayobaki mna mafuta, protini, madini, na sukari ya asili iitwayo laktosi, ambayo hukaribia gramu 48 katika kila lita. Karibu asilimia 80 ya protini hizo ni za aina ya kaseini, ambazo huelea ndani ya maziwa zikiwa vifundo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na vifundo hivyo havishikamani kwa sababu vyote vimebeba chaji hasi ya umeme na kwa hiyo vinasukumana. Bakteria wa kugandisha maziwa hula laktosi na kutoa asidi ya laktiki. Kadiri asidi inavyoongezeka ndivyo chaji ile inavyofifia, na kipimo cha uchachu kiitwacho pH, ambacho hushuka kadiri kitu kinavyozidi kuwa chachu, hutoka karibu 6.7 katika maziwa mabichi hadi 4.6, kiwango ambacho kaseini hukosa kabisa nguvu ya kusukumana, hushikamana, na kufanya mtandao unaoyazuia maji na mafuta yasitembee. Hapo ndipo maziwa husemwa yameganda. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mtandao huo hujengwa polepole na hauna nguvu nyingi, kwa hiyo chombo kinachotikiswa au kukorogwa wakati wa kuganda hukata mtandao kabla haujakamilika, na matokeo yake ni maji ya kijani-manjano yanayojitenga juu ya mabonge.

Bakteria wenye uwezo wa kufanya kazi hiyo ni wengi, lakini kwa mtengenezaji wa nyumbani wanagawanyika katika makundi mawili, na kutoyatofautisha ndiko kunakoharibu maziwa ya watu wengi kuliko kosa lingine lolote. Kundi la kwanza ni la bakteria wanaopenda joto la kadiri, hasa Lactococcus lactis, ambao hustawi kati ya nyuzijoto 20 na 30 za Selsiasi na hudumaa panapozidi nyuzijoto 40. Hao ndio wanaotengeneza maziwa mgando, au mtindi kama uitwavyo katika maduka mengi ya Tanzania, na maziwa lala, au mala, kama yaitwavyo Kenya. Kundi la pili ni la bakteria wanaopenda joto kali zaidi, nao ni Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus, wanaofanya kazi vizuri kati ya nyuzijoto 40 na 45, na hao wawili kwa pamoja ndio wanaotengeneza yogati kwa maana yake halisi. Wawili hao hutegemeana: wa kwanza huanza kukua haraka na kumpatia mwenzake asidi ya fomiki na gesi ya kaboni anazozihitaji, na wa pili huvunjavunja protini za maziwa na kumrudishia wa kwanza virutubisho asivyoweza kujitengenezea kwa wingi, na katika kazi hiyo huzaa pia kemikali iitwayo asetaldehaidi, inayoipa yogati harufu yake inayoitofautisha na mgando.

Kutokana na tofauti hiyo, mtu anayenunua pakiti ya maziwa mgando, akachota vijiko viwili akavitia katika maziwa yenye joto la yogati, kisha akayafunika kwa blanketi usiku kucha, hatapata yogati wala mgando, kwa kuwa amewaweka bakteria wa joto la kadiri mahali wasipoweza kufanya kazi. Maziwa yakibaki majimaji asubuhi, lawama huangukia maziwa au muuzaji wake, ilhali kosa lilikuwa katika kimea. Vilevile anayetumia kimea cha yogati na kuacha chombo juu ya meza katika usiku wa baridi wa Njombe au Limuru atasubiri bila mafanikio. Kimea hapa ni kile kiasi kidogo cha maziwa yaliyokwisha kuganda, au unga wa bakteria waliokaushwa, kinachotiwa katika maziwa mapya ili kuanzisha ugandaji, na kanuni ya kwanza ya nyumbani ni kujua kimea ni cha kundi gani kabla ya kuwasha jiko.

Kwa anayekaa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, ambako joto la chumba kwa sehemu kubwa ya mwaka hukaribia nyuzijoto 28, hesabu iliyo rahisi kuliko zote ni ya mgando: maziwa huchemshwa, hupozwa mpaka yawe na joto la chumba, hutiwa kimea cha mgando, hufunikwa, na kufikia kesho yake huwa tayari bila joto la ziada hata kidogo. Si haki kuuona mgando kuwa ni yogati ya watu maskini, kwa sababu kwa lishe haupungukiwi na chochote cha maana. Yogati hustahili kutafutwa kwa uzito wake, kwa ladha yake, na kwa kazi zake za mapishi, na kwa wakazi wa nyanda za juu ina faida nyingine ya kukamilika kwa saa chache mahali ambapo mgando ungechukua siku nzima au zaidi.

Elimu ya bakteria hawa ni changa kuliko matumizi yao. Wafugaji wa Afrika Mashariki waligandisha maziwa katika vibuyu kwa vizazi vingi kabla ya hadubini, na Wakalenjin wa Kenya bado wanatengeneza mursik katika kibuyu kilichopakwa ndani masizi ya mti uliochomwa, desturi inayoongeza ladha na kuyapa maziwa rangi ya kijivujivu. Mwaka 1905 Stamen Grigorov, kijana Mbulgaria aliyekuwa akisomea utabibu Geneva, alimtambua katika yogati ya kwao yule bakteria ambaye baadaye alipewa jina la nchi hiyo. Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa utafiti wa kinga ya mwili, aliutangaza ugunduzi huo kwa nguvu na kudai kwamba maziwa yaliyoganda hurefusha maisha, dai ambalo lilivuka mbali ushahidi aliokuwa nao lakini likafungua soko. Isaac Carasso alipoanza kuuza yogati Barcelona mwaka 1919, aliipitisha katika maduka ya dawa, na pengine hapo ndipo yogati ilipojipatia ile sura ya kitu cha kitaalamu kinachopaswa kununuliwa, sura ambayo mpaka leo inawaogopesha wapishi hodari wasiochelea kupika biriani ya watu mia.

Maziwa ya kutumia huchaguliwa kwa upya wake kuliko kwa chapa yake. Maziwa mabichi yaliyokamuliwa asubuhi na kufika jikoni ndani ya saa mbili au tatu ndiyo bora na mara nyingi ndiyo ya bei nafuu, lakini yanakuja na hatari tatu ambazo mnunuzi anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni kuongezwa maji, ambako hupunguza protini na hivyo kuufanya mtandao wa kaseini kuwa dhaifu. Lita ya maziwa halisi huwa na uzito wa takriban gramu 1,030, na laktomita, kifaa cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa, huonyesha kati ya 1.028 na 1.032 kwa maziwa mengi ya ng'ombe yasiyochezewa. Ya pili ni uchachu uliokwisha kuanza, ambao hujulikana kwa urahisi kwa kuchemsha kiasi kidogo kwanza: maziwa yakikatika motoni, hayafai tena kwa yogati, ingawa yakichujwa kwa kitambaa safi mabonge yake yanaweza kuliwa kama jibini laini. Hatari ya tatu ndiyo inayosumbua zaidi kwa sababu haina harufu wala rangi, nayo ni mabaki ya dawa. Ng'ombe anapotibiwa ugonjwa wa kiwele kwa viuavijasumu, yaani antibiotiki, dawa hiyo hutoka katika maziwa kwa siku kadhaa, na mfugaji asiyesubiri siku zilizoandikwa kwenye dawa huuza maziwa yanayochemka vizuri, yanayonukia vizuri, lakini yanayoua kimea. Pale ambapo kimea kile kile kimegandisha maziwa ya muuzaji mmoja na kushindwa kwa ya mwingine, katika joto lile lile, dawa ndiyo ya kushukiwa kwanza, na kuchemsha hakuiondoi kwa kiasi cha kutegemewa.

Maziwa ya pakiti yaliyotiwa joto kali ili yakae miezi bila jokofu yanafaa pia, na yana urahisi wa kutohitaji kuchemshwa upya bali kupashwa tu, lakini bei yake kwa lita kwa kawaida ni kubwa. Maziwa ya unga hukorogwa kwa kiasi cha gramu 125 hadi 130 kwa lita ya maji, na pale yanaponunuliwa kwa wingi yanaweza kushindana na maziwa mabichi kwa bei. Manufaa yake makubwa zaidi, hata hivyo, ni kuwa kiongezo, kwa sababu gramu 30 za unga, ambazo ni kama vijiko vitatu au vinne vya chakula, zikikorogwa katika lita ya maziwa ya kawaida kabla ya kuchemsha huongeza protini na kuipa yogati uzito ambao viwanda vingi huupata kwa wanga au jelatini.

Kuchemsha kuna kazi mbili. Kazi inayojulikana na wote ni kuua vimelea vya magonjwa, hasa vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya brusela, homa inayotoka kwa mifugo na kuacha maumivu ya viungo kwa muda mrefu, na hapa inafaa kusemwa wazi kwamba uchachu wa mtindi si mbadala wa moto, kwani brusela anaweza kubaki hai katika maziwa mabichi yaliyogandishwa. Kazi ya pili hujulikana na wachache lakini ndiyo inayotofautisha yogati nzito na uji mwepesi. Protini za maziwa zisizo kaseini, zinazoitwa protini za majimaji, hubadilika umbo zinapopata joto la kutosha na kujishika kwenye vifundo vya kaseini, na kwa kufanya hivyo huuimarisha mtandao na kuusaidia kushika maji mengi zaidi. Mabadiliko hayo hukamilika kwa dakika 30 katika nyuzijoto 85, au kwa dakika 5 hivi katika nyuzijoto 90 hadi 95. Maziwa yanayoondolewa motoni mara tu yanapoumuka yamekuwa salama, lakini hayajapata muda wa kutoa yogati nzito.

Kuyaacha maziwa yatokote nusu saa juu ya mkaa au gesi ni gharama, na pia hualika ukoko chini ya sufuria na harufu ya moshi. Njia ya kupata dakika hizo bure ni kikapu cha kuhifadhia joto, ambacho ni kikapu kipana cha ukindu au tenga lililotandikwa ndani sufi, matambara, majani makavu ya mgomba au mto wa zamani, kikaacha katikati nafasi inayoitosha sufuria bila kubaki uwazi mkubwa. Maziwa huchemka, hufunikwa kwa mfuniko unaobana, huingizwa kikapuni yakiwa bado yanatokota, hufunikwa juu kwa mto mwingine, na kwa nusu saa inayofuata hubaki karibu na joto linalotakiwa bila kuchoma hata kipande kimoja cha mkaa. Wakazi wa Nairobi, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na ambako maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, hawapungukiwi na chochote kwa njia hii, kwa kuwa kiwango hicho bado ni kikubwa kuliko kinachohitajika. Kikapu hicho hicho ndicho kitakachotumika tena baadaye kwa kugandisha, na hiyo ndiyo sababu ya kukitengeneza vizuri mara moja badala ya kutegemea blanketi la kitandani kila jioni.

Baada ya hapo maziwa hupozwa kwa kuitumbukiza sufuria katika beseni la maji baridi na kukoroga taratibu, ili yafike nyuzijoto 43 hadi 45 sawasawa juu na chini. Utando wa malai unaojifunga juu unaweza kuondolewa na kuliwa, au kuachwa kwa wanaoupenda. Asiye na kipimajoto mara nyingi huambiwa atie kidole na kuhesabu mpaka kumi, kipimo kisichoaminika kwa sababu mikono iliyozoea jiko huvumilia joto ambalo ngozi laini isingevumilia. Kipimo bora hutengenezwa kwa vikombe: kikombe kimoja cha maji yanayochemka kikichanganywa na vikombe vitatu vya maji ya nyuzijoto 25 hutoa maji ya nyuzijoto 43 hadi 44. Pwani, ambako maji ya bomba yana joto zaidi, huhitajika vikombe vitatu na nusu hadi vinne vya maji ya bomba. Na katika miji ya baridi kama Nairobi, ambako maji ya kuchemka yana joto pungufu na ya bomba ni baridi, kikombe kimoja kwa viwili hutosha. Tone la mchanganyiko huo likidondoshwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kisha tone la maziwa kwa kijiko safi likidondoshwa kando yake, ngozi hulinganisha kwa usahihi unaotosha, na baada ya kurudia mara kadhaa mtengenezaji hahitaji tena vikombe. Maziwa yenye joto kidogo pungufu huchelewa tu kuganda, ilhali yenye joto linalozidi nyuzijoto 55 humuua bakteria aliyetiwa, kwa hiyo penye shaka ni afadhali kukosea kwa upande wa ubaridi.

Kimea cha kuanzia ni yogati ya dukani isiyo na sukari wala ladha, iliyotengenezwa karibuni, na ambayo haikupashwa moto tena baada ya kuganda, kwa sababu baadhi ya bidhaa hupashwa ili zikae muda mrefu na bakteria wake wamekwisha kufa. Vijiko viwili vya chakula vinatosha kwa lita, navyo hulainishwa kwanza katika kikombe cha maziwa yale yale kabla ya kurudishwa sufuriani, maana kimea kinachotumbukizwa kama donge hubaki donge. Kuongeza kimea kupita kiasi hakuharakishi kwa kiwango kinachostahili gharama yake na huifanya yogati iwe chachu mapema na yenye chembechembe.

Baada ya kutiwa kimea maziwa huhitaji saa nne hadi sita za joto lisiloyumba, au usiku mzima iwapo joto linashuka polepole, na hapa ndipo vifaa vinavyouzwa kwa jina la mashine za yogati vinapojitafutia wateja bila sababu ya kutosha. Kikapu kile kile, kikiwa na sufuria yenye lita mbili au tatu, hutunza joto kwa muda unaotakiwa. Lita tatu hupoa polepole kuliko lita moja kwa sababu eneo la nje la chombo ni dogo likilinganishwa na ujazo wake, na hivyo anayegandisha kidogo kidogo kila siku hupata taabu zaidi kuliko anayegandisha kwa wingi mara mbili kwa wiki. Hotpoti ya chapati hufaa kwa lita moja. Chupa ya chai hufaa pia na pengine ndiyo inayotunza joto kuliko vyote, mradi isuuzwe kwa maji ya moto kabla ya kutiwa maziwa na isiwe ile iliyokwisha kunywa harufu ya tangawizi na iliki, ingawa chupa yenye shingo nyembamba huilazimisha yogati kumiminwa na hivyo kukatika ikawa ya kunywa. Vikopo vya kioo vilivyokuwa na jemu au siagi ya karanga, vikioshwa na kumwagiwa maji ya moto, vinaweza kupangwa ndani ya ndoo yenye maji ya nyuzijoto 45, ndoo ikafunikwa na kuzungushiwa kanga mbili au tatu. Sufuria ya alumini inaweza kutumika kwa kuchemsha, lakini maziwa yasiachwe yagande ndani yake, kwa kuwa asidi hula alumini. Hata kikapuni, chombo cha kugandishia kiwe cha chuma kisichoshika kutu, kioo, udongo uliong'arishwa, au plastiki ya chakula.

Yogati iliyokomaa hujulikana kwa kuinamisha chombo kidogo: uso wote huondoka kwa pamoja kwenye ukingo na kuacha mstari mwembamba wa majimaji, bila kupasuka. Ikifikia hapo, kila saa ya ziada katika joto huongeza uchachu bila kuongeza uzito, kwa hiyo huhamishiwa mahali pa baridi bila kukorogwa, na saa kadhaa za jokofu huikaza zaidi. Iliyojitenga maji kidogo haijaharibika, bali imetikiswa au imechelewa kutolewa, na maji hayo yanaweza kukorogwa ndani au kutumika kukandia unga wa chapati. Inayovutika kama ute, bila harufu mbaya, mara nyingi imeganda katika joto dogo kuliko linalofaa. Lakini yenye mapovu, harufu ya pombe, au ukungu wa rangi yoyote hutupwa yote, wala haifai kuukwangua ukungu na kula kilicho chini.

Kabla mtu yeyote hajaionja, vijiko vitatu hutengwa katika kikopo safi kwa ajili ya mzunguko unaofuata. Kimea hicho hukaa na nguvu kwa siku tano hadi saba katika jokofu, na kikigandishwa katika kisahani cha vipande vya barafu hudumu wiki kadhaa. Asiye na jokofu hana budi kugandisha kila siku au kila baada ya siku moja, kama wafugaji wanavyofanya. Baada ya mizunguko mingi uwiano wa bakteria wawili huharibika, yogati huzidi uchachu au huchelewa, na hapo hununuliwa kimea kipya. Kanda hii imepata pia vimea vya unga vya bei nafuu kutokana na jambo la kisheria zaidi kuliko la kimaabara: hataza ya bakteria maarufu Lactobacillus rhamnosus GG ilipokwisha muda, mradi wa Yoba ulimzalisha bakteria huyo kwa jina la mradi wenyewe na kumwoanisha na Streptococcus thermophilus, kwa sababu peke yake hawezi kuitumia laktosi vizuri, na vifuko vyake vikaenea kwa wazalishaji wadogo wa Uganda na nchi jirani. Mwanza nako, wanawake walianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 jiko la yogati iliyoitwa Fiti, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada, ili kuwafikia hasa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi.

Wengi wanaosema maziwa huwavuruga tumbo hustahimili yogati, kwa kuwa sehemu ya laktosi imekwisha kuliwa na iliyobaki husagwa kwa msaada wa vimeng'enya vya bakteria wenyewe. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba baadhi ya jamii za wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan zina mabadiliko ya kijenetiki, tofauti na yale ya Ulaya, yanayowawezesha watu wazima kusaga laktosi; wasio na mabadiliko hayo, ambao ni wengi katika kanda hii, ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kuyagandisha maziwa yao.

Sukari na matunda hutiwa wakati wa kuandaa, si kabla ya kuganda, kwa sababu sukari nyingi huwapunguzia bakteria kasi, na nanasi au papai bichi lisilopikwa lina vimeng'enya vinavyovunja protini na kuifanya yogati kuwa chungu na majimaji likiachwa humo. Pasheni, embe na unga wa ubuyu hazina tatizo hilo. Yogati isiyotiwa kitu ndiyo yenye matumizi mengi: hulainisha nyama ya biriani, hupooza pilipili katika kachumbari, na ikitundikwa usiku katika kitambaa cha pamba huwa ile lebne nzito inayoliwa na mkate na mafuta ya zeituni Oman na nchi nyingine za Ghuba.

Katika jokofu yogati ya nyumbani hukaa wiki moja bila wasiwasi. Bila jokofu, siku moja au mbili katika mtungi wa udongo uliowekwa kivulini. Kiasi kinachozidi mahitaji ya nyumba hugawiwa jirani, lakini kisiuzwe kabla ya kuuliza masharti ya eneo husika, kwa kuwa biashara ya maziwa Tanzania iko chini ya Bodi ya Maziwa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na Kenya iko chini ya Bodi ya Maziwa ya nchi hiyo, na bodi zote mbili hudai usajili.